Deni lililofutwa Mwaloni

Kwa miaka mingi nilimtumikia Mungu kama mtu anayelipa deni. Mazoezi ya kwaya sikosi, zaka natoa, wagonjwa Bugando natembelea, na kila Jumapili jioni moyo unaniuliza: imetosha? Naandika kwa ajili yako unayehudumu huku umechoka namna hiyo.

Kazi yangu ni dagaa. Nanunua kwa jumla soko la Mwaloni, pale Kirumba jijini Mwanza, nauza kwa sado, lile kopo la kupimia, mtaa wa Mabatini. Biashara hii inafuata mwezi: wavuvi wanavua kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikishika wanapumzika na bei inapanda. Mwaka mmoja, giza likielekea kuisha, nilichukua magunia matano mali kauli, yaani kwa mkopo nilipe nikishauza, kwa mama mmoja wa Kisukuma, mtu mzima, ambaye sote tunamwita Mayu. Nikayaweka stoo nisubiri bei. Mvua za Machi zikapiga, bati likavuja, nami sikwenda kukagua. Nilipokuja kuingiza mkono kwenye gunia, nikatoa tonge la dagaa walioshikana, wenye joto kama uji. Walionusurika niliwauzia wafuga kuku kwa bei ya kutupa.

Nikaenda kwa Mayu na kilichopatikana. Hakikufika hata robo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba anivumilie hadi Juni, lakini hakuyasubiri. Alifungua daftari lake, lile la jalada gumu lenye magamba ya samaki yaliyogandia pembeni, akatafuta jina langu kwa kidole, akapiga mstari. Akarudia, kwa nguvu, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Zile hela akanirudishia. "Kaanzie mtaji, mwanangu."

Na yeye alikuwa anadaiwa na wenye mitumbwi. Hili watu hulipita haraka tunapohubiri neema: kwangu ilikuwa bure, lakini hasara haikupotea hewani. Mayu aliimeza. Tangu siku hiyo sijaweza kuimba juu ya msalaba kwa wepesi.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwake kila asubuhi. Nafagia banda, nachota maji, nabeba ndoo. Siku ya nne akanishika mkono. "Unanilipa nini? Nimeshafuta. Ukitaka kufagia, fagia kwa sababu pachafu."

Nilirudi nyumbani nikafungua Waefeso sura ya 2. Mstari wa 8 na wa 9 tunaujua wote kwa kichwa: tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Wengi tunafungia Biblia hapo. Mstari wa 10 unaendelea: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Matendo yapo, ila yako baada ya wokovu, hayako kabla yake. Na yameshaandaliwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: acha kuyatafuta mbali, angalia penye mikono yako.

Mimi mikono yangu ilikuwa kwenye sado. Sado yangu ilikuwa imebonyezwa kitako. Kwa nje huoni kitu. Ndani kitako kimepanda kama vidole viwili. Nilikuwa naimba sauti ya kwanza Jumapili, Jumatatu napima kwa chombo hicho. Niliigonga kwa jiwe mpaka kitako kikarudi chini. Faida ilipungua, na pengo lake nililiona kwenye ada za watoto. Lakini sikuigonga ili Mungu anipende. Nilikuwa nimeshapendwa, na sado ile ikawa hainikai mkononi.

Vijana wengi huniuliza kuhusu kusudi la maisha, wakingoja jambo kubwa lenye jukwaa. Sipingi kwamba Mungu huita watu kwa makubwa. Ila kipimo cha haki kwa mama anayenunua nusu sado ya kulisha watoto sita nacho ni kusudi, na hakihitaji maono.

Kuhusu wanaosema Yakobo, aliyeandika kwamba imani bila matendo imekufa, anampinga Paulo wa Waefeso, mimi sioni hivyo. Paulo anamjibu anayetaka kununua wokovu. Yakobo anamjibu aliyeupokea akaufungia kabatini, anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, na mkono hautoki mfukoni.

Kusamehe nako hakumaanishi kuchezewa. Daftari langu la wadaiwa bado ninalo, na anayeweza kulipa namdai. Lakini mwaka jana binti mmoja anayetembeza dagaa kwa beseni alikuja na macho mekundu: mtoto aliugua, mtaji umeishia dawa. Kinywa changu kilishafunguka kumsema. Nikamkumbuka yule mtumwa wa Mathayo 18, aliyesamehewa talanta 10,000 kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Nikachukua kalamu. Mkono ulikuwa mzito, sifichi.

Mayu siku hizi magoti yanamsumbua. Juzi nilifika kwake mapema, kabla mitumbwi haijatia nanga, nikachukua ufagio. Alinitazama tu, akasogeza kigoda chake ili nifagie na chini yake.