Fundi Anajibu: Silinda, Matundu ya Mvuke na Boila ya Injini Ndogo

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mkoa wa Kigoma, na karibu zote zinahusu injini ndogo za mvuke au za hewa ambazo wasomaji wanajitengenezea nyumbani. Tumechagua nne. Ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu tatizo linaloelezwa humo ndilo linalowakatisha tamaa wengi wanaoanza.

Mimi ni fundi wa injini za boti, Kibirizi. Nina mashine ndogo ya kukerezea ya mezani, na nimeanza kutengeneza injini yenye silinda inayoyumba (silinda yenyewe huyumba kwenye egemeo pistoni inapokwenda), tundu la milimita 12 na mwendo wa pistoni wa milimita 20. Silinda ni ya chuma cha kusubu. Niliitoboa kwa keekee, nikamalizia kwa rima (kifaa chenye makali mengi cha kumalizia tundu) ya milimita 12. Nikipima kipenyo napata kilekile kila ninapopima, lakini pistoni inakaza sehemu moja, na nikiipunguza inavujisha hewa. Nimekosea wapi?

Ndugu fundi, kipimo chako kinaweza kuwa cha kweli na tundu likawa bovu bado. Kifaa kinachogusa pande mbili tu husoma umbali baina ya pande hizo, basi. Keekee hupenda kutoa tundu lenye pembe tatu za mviringo, ambalo ukilipima kwa namna hiyo litakupa kipenyo kilekile kila upande, ilhali pistoni ya duara kamili haiwezi kukaa vizuri ndani yake. Tena keekee ndefu huyumba inapozama ndani ya chuma, hasa ikikutana na sehemu ngumu, na hutoka upande wa pili ikiwa imekwenda mshazari. Rima hailiponyi tundu la namna hiyo. Kazi yake ni kusawazisha uso na kufikisha kipenyo, na hulifuata tundu lililokwisha kuwapo, likiwa limepinda nayo hupinda.

Kinachonyoosha tundu ni kisu cha ndani, yaani kisu cha mashine ya kukerezea kinachokata ukuta wa tundu, kwa sababu hicho huongozwa na mashine, hakiongozwi na tundu. Kwa silinda yako, toboa kwanza hadi milimita 10.5, kisha panua kwa kisu cha ndani hadi milimita 11.85, ndipo rima ipitishwe kumalizia ile milimita 0.15 iliyobaki. Shina la kisu liwe nene kadiri tundu linavyoruhusu, milimita 8 linafaa, na lisitokeze nje ya kishikio chake zaidi ya urefu wa silinda na nafasi kidogo, kwa maana shina refu na jembamba hupinda linapokata na kuacha tundu lililo pana mdomoni na jembamba ndani. Unapokaribia kipimo, pitisha kisu mara mbili au tatu bila kukisogeza. Utaona bado kinatoa vumbi, na hiyo ndiyo dalili kwamba kilikuwa kimepinda na sasa kinarudi mahali pake. Endelea hadi kisitoe kitu.

Rima izungushwe polepole, chini ya nusu ya mwendo wa kutobolea, na kamwe isirudishwe kinyume hata wakati wa kuitoa, kwa kuwa makali yake huharibika na vumbi hukwaruza ukuta. Chuma cha kusubu hukatwa kikavu, bila mafuta. Vumbi lake jeusi lifutwe kwenye reli za mashine kila unapomaliza, kwani likichanganyika na oili hugeuka dawa ya kusagia na kuila mashine yako.

Jambo ambalo hukulitaja, nami naliona kubwa kuliko kipenyo chenyewe, ni huo uso wa mwisho wa silinda. Uso ambao kifuniko kitakaa ukerezwe katika mshiko uleule uliopanulia tundu, kabla taya za mashine zinazoishika silinda hazijafunguliwa. Ukiifungua silinda na kuishika tena, hata ukiwa mwangalifu namna gani, tundu na uso havitakuwa tena na pembe mraba kamili kama mwanzo. Kifuniko kitakaa upande, na mkono wa pistoni ukipita katika kifuniko hicho utaisukuma pistoni ukutani. Nashawishika kuamini kwamba hata kukaza kwako kunatokana kwa sehemu na hilo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua baina ya kipimo sahihi na mshiko mmoja, chagua mshiko mmoja, maana tundu la milimita 12.06 lililonyooka linatengenezewa pistoni yake, lakini tundu la milimita 12.00 lililopinda halina pistoni.

Kwa hiyo pistoni itengenezwe mwisho, kwa kulifuata tundu ulilolipata na si tarakimu iliyo kwenye mchoro. Acha nafasi ya milimita 0.02 hivi, na chonga mifereji miwili au mitatu isiyo na kina kuizunguka ili ishike oili. Kama unakusudia mvuke, usitumie alumini kwa nafasi finyu hivyo. Joto likipanda nyuzi 100, pistoni ya alumini ya milimita 12 hutanuka kwa takriban milimita 0.028, na silinda ya chuma cha kusubu kwa 0.013 tu, hivyo ile nafasi yako inakaribia kuisha. Pistoni ya chuma cha kusubu ndani ya silinda ya chuma cha kusubu hutanuka pamoja nayo, na vyote viwili husuguana kwa upole. Malighafi hiyo unaweza kuipata hapo hapo ulipo, katika silinda chakavu za injini za boti na diski za breki zilizotupwa.

Nafundisha ufundi hapa Ujiji. Wanafunzi wangu wanatengeneza injini ya silinda inayoyumba. Tunabahatisha mahali pa kutoboa matundu mawili ya nguzo inayoibeba silinda, la kuingizia hewa na la kuitolea. Nyingine zinazunguka, nyingine hazizunguki kabisa. Je, kuna hesabu?

Ipo, Mwalimu, na ni fupi. Pima umbali kutoka katikati ya shafti ya krenki hadi kwenye egemeo ambalo silinda huyumbia. Tuseme ni milimita 40. Nusu ya mwendo wa pistoni, yaani urefu wa krenki, tuseme ni milimita 10. Gawanya 10 kwa 40 upate 0.25, ambayo ndiyo saini (sine ya hesabu) ya pembe kubwa kabisa ambayo silinda hufikia, kama nyuzi 14.5. Sasa ikiwa tundu la silinda limetobolewa milimita 12 kutoka kwenye egemeo, upande ulio mbali na krenki, basi kila silinda inapoyumba hadi mwisho tundu hilo husogea pembeni milimita 12 mara 0.25, yaani 3. Matundu ya nguzo yatakaa milimita 3 kushoto na milimita 3 kulia ya mstari wa katikati. Na kwa kuwa tundu la silinda linachora tao wala haliendi moja kwa moja, kimo cha matundu hayo juu ya egemeo ni milimita 11.6 badala ya 12.

Ukubwa wa matundu nao una mpaka wake. Silinda ikiwa imesimama katikati, tundu lake lazima lizibwe pande zote mbili, la sivyo hewa itapita moja kwa moja kutoka mlango wa kuingia hadi wa kutoka. Kwa vipimo hivi, matundu ya milimita 3 yangegusana kingo. Yakiwa ya milimita 2.5, inabaki nusu milimita ya chuma kila upande, nayo inatosha. Naamini zile injini zisizozunguka zina matundu makubwa kupita kiasi, kwa sababu mwanafunzi akiona injini haiendi, jambo la kwanza analolifikiria ni kupanua njia ya hewa.

Hata hivyo, hesabu peke yake haitawaokoa, kwani keekee ya milimita 2.5 ikiteleza kidogo tu juu ya alama ya senta panchi kazi yote imekwenda upande. Watengenezeeni jigi: bapa la chuma lenye tundu la egemeo mwisho mmoja na tundu la milimita 2.5 lililo milimita 12 kutoka hapo. Bapa hilo hilo liongoze keekee kwenye silinda, kisha lifungwe kwenye nguzo kwa pini ya egemeo, liyumbishwe milimita 3 kushoto, litobolewe, liyumbishwe kulia, litobolewe. Hata kama ile 12 ilikuwa kwa kweli 12.2, silinda na nguzo zitakuwa zimekosea pamoja na matundu yatakutana. Nyuso mbili zinazogusana zisuguliwe juu ya msasa mwembamba uliolazwa kwenye kioo, na zioshwe vizuri kabla ya kufungwa. Springi ya kuishikiza silinda iwe laini. Mwanafunzi akipuliza kwa mdomo na injini ikazunguka, springi imekaa sawa.

Shikamoo Mzee. Mimi nina miaka 17, nakaa Gungu. Sina mashine ya kukerezea, nina drili ya umeme, jiliwa na tupa tu. Je, niache?

Marahaba, mwanangu. Usiache. Tumia bomba jembamba la shaba ya njano kama silinda, kwa kuwa bomba la kiwandani limekwisha kuwa duara na limenyooka. Pistoni ichongwe kutoka kwenye fimbo ya shaba hiyo hiyo iliyofungwa kwenye drili, nayo drili imebanwa kwenye jiliwa, ukiipunguza kwa tupa laini na kuijaribu kwenye bomba mara kwa mara. Funga mikono ya shati na usivae kitambaa shingoni drili inapozunguka. Shaba ina tabia ya kuivuta keekee ghafla inapotokea upande wa pili, hivyo kabla ya kuitoboa, sugua kidogo makali ya keekee kwa jiwe la kunolea ili yasiwe na ncha ya kuchimba. Gurudumu zito la krenki ndilo pekee litakalokushinda kwa vifaa hivyo. Mpelekee fundi mkerezaji, umwombe atoboe tundu la shafti na kukereza ukingo kwa mshiko mmoja.

Nilifanya kazi reli, sasa nimestaafu, naishi Mwanga. Nataka kuwatengenezea wajukuu injini ya mvuke kwa kumbukumbu ya Liemba ya zamani. Je, boila naweza kutumia kopo la dawa ya mbu, niliunganishe kwa risasi ya kawaida?

Mzee wangu, wazo lako ni zuri na limenigusa. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma kwa vipande na kushushwa majini mwaka 1915, nayo ilikwenda kwa mvuke hadi ilipowekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Lakini kopo, hapana. Bati lake ni jembamba, huliwa na kutu kwa ndani mahali usipopaona, na risasi ya kuunganishia huyeyuka kati ya nyuzi 180 na 230. Maji yakiisha huku moto ungali unawaka, kiungo kitaachia mbele ya wajukuu. Maji yanapogeuka mvuke katika presha ya kawaida ya hewa huchukua nafasi takriban mara 1,600 ya ile ya awali, na huo ndio mlipuko wenyewe.

Kwanza iendeshe injini kwa hewa ya pampu ya gari, baa 1 hadi 2 zinatosha, na wajukuu watafurahi vilevile. Ukitaka mvuke, tumia bomba nene la shaba nyekundu lililofungwa miisho kwa shaba nyekundu na kuunganishwa kwa fedha ya kuchomelea, ambayo huyeyuka juu ya nyuzi 600. Weka valvu ya usalama na kioo cha kuonyesha maji. Kabla ya kuwasha moto, ijaze maji pomoni bila kuacha hewa ndani, kisha isukume kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya presha ya kazi, yaani baa 4 kama unakusudia 2. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo kiungo kikishindwa kitadondosha tu. Acha geji ya presha ibaki hapo kwa muda huku ukikagua kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Ukiona tone, punguza presha, mwaga maji, kausha, unganisha upya mahali hapo, kisha anza jaribio kutoka mwanzo.