Distributa mpya imefungwa, injini haiwaki

Ndugu, nimekuelewa: uling'oa distributa ya zamani (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) bila kuweka alama, umefunga mpya, na sasa injini inalipua kwenye kabureta bila kuwaka. Pole. Mara nyingi hapo distributa imekaa kinyume, nusu mzunguko. Krenki (shafti kuu ya injini) huzunguka mara 2 distributa ikizunguka mara 1, kwa hiyo alama ya puli (gurudumu la mbele ya krenki) kufika sifuri peke yake haitoshi.

Chomoa waya hasi wa betri, toa plagi ya silinda namba 1, ziba tundu kwa kidole. Zungusha krenki kwa spana, upande wake wa kawaida. Hewa ikisukuma kidole, endelea taratibu mpaka alama ilingane. Hapo ndipo rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa) itazame waya namba 1.

Meno ya gia kwa kawaida yamekatwa mshazari, hivyo rota hugeuka inaposhuka. Ianzishe nyuma kidogo. Isiposhuka hadi chini, tafadhali usiivute kwa bolti! Kwenye injini nyingi za zamani distributa ndiyo inayozungusha pampu ya oili, na huenda shafti ya pampu haijalingana nayo. Mimi nililazimisha, nikavunja kitako cha distributa.

Panga waya kwa mfuatano wa kitabu cha gari lako, kaza bolti ya distributa nusu, rudisha plagi na waya wa betri, washa, kisha rekebisha kwa taa ya taimingi (ya kupimia muda wa cheche). Taa ya oili isipozima, zima injini mara moja. Ikigonga unapokanyaga mafuta hata baada ya kurekebisha, mpelekee fundi. Pistoni huharibika hivyo.