Maswali Yenu: Redio Inakwaruza Tangu Masika

SWALI: Redio ya jamii ya hapa mjini ina mtambo wa wati 300. Mwaka jana tuliipata vizuri hadi vijiji vya ng'ambo ya bonde, lakini tangu masika inakwaruza. Kamati inachangisha fedha za mtambo wa wati 1,000. Tuchange? – Msomaji, Lushoto

JIBU: Bado. Kasoro iliyoingia na mvua kwa kawaida ni maji, na maji hupenda kebo inayopanda mnarani. Fundi azime mtambo kwanza (antena inayorusha huunguza mkono), aung'oe kwenye kebo, aufunge kwenye mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachopokea nguvu ya mtambo badala ya antena), kisha auwashe. Mita ikionyesha wati 300, mtambo ni mzima na ugonjwa uko juu.

Auzime tena, afungue konekta ya chini ya kebo. Shaba ing'ae. Ikiwa ya kijani, au nyuzi za kuzungukia zimekuwa nyeusi, maji yameingia: akate kebo kidogo kidogo hadi akutane na shaba safi, na asipoipata, kebo nzima ibadilishwe. Konekta mpya izungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha, juu yake utepe wa plastiki uliozungushwa kutoka chini kwenda juu, ili kila mzunguko ufunike ule wa chini yake kama makuti ya paa. Wengi huanzia juu, na maji yakaingia moja kwa moja. Kabla ya kuingia ukutani, kebo ining'inie kidogo chini ya tundu ili matone yadondokee nje.

Tazameni pia aina ya kebo. Ile nyembamba ya RG-213, kwa mita 30, hula kama desibeli 2: kati ya wati 300 hufika antena kama 190. Kebo nene ya nusu inchi hufikisha zaidi ya 250. Na kama fedha zipo kweli, pandisheni antena. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenye ardhi tambarare antena ya mita 30 hufika takriban kilomita 28, ya mita 60 takriban 38. Milima ya Usambara haisogei kwa wati. Leseni ya masafa nayo hutaja nguvu na mahali pa mnara, hivyo msibadili chochote kabla ya kuzungumza na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

SWALI: Redio yetu ilisoma tangazo la kifo la mtu aliye hai. Siku nyingine watu walifika makaburini wakakuta mazishi yamekwisha. Ifanyeje? – Msomaji, Kilosa

JIBU: Tangazo la msiba lisipokelewe kwa ujumbe wa simu peke yake. Mpokeaji aandike jina kamili la marehemu, jina la anayetangaza na uhusiano wao, kisha apige namba ya pili, ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, aulize bila kumtajia jina: "Kuna msiba huko? Wa nani?"

Kosa la pili chanzo chake mara nyingi ni saa. Mwana wa marehemu anaandika "10:00" akimaanisha saa nne asubuhi kwa saa ya simu yake. Mtangazaji anasoma saa kumi, na waombolezaji wanakuja jioni. Fomu ya redio isiwe na tarakimu za saa kabisa. Iandikwe kwa maneno, "saa nne asubuhi", na mtangazaji aitaje mara mbili. Kama mazishi ni ya kesho, tangazo lisomwe jioni, lirudiwe alfajiri kabla watu hawajakwenda shambani.

SWALI: Na ng'ombe aliyepotea? – Huyohuyo

JIBU: Tajeni rangi, jinsia na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Chapa au mkato wa sikio usitajwe hewani. Mwenye mali ataulizwa alama hiyo siku ya kumchukua.