Programu ya Bure Iliyokuja na Wageni

SWALI: Ndugu Mhariri, nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya, ambako wateja hunijia kuchapa barua, kutoa nakala na kujaza maombi ya vyuo na mikopo ya wanafunzi. Mwezi uliopita nilipakua programu ya bure ya kuonyeshea video kutoka tovuti iliyotokea juu kabisa nilipotafuta. Tangu siku hiyo kivinjari hufungukia ukurasa nisioujua, matangazo huruka juu ya fomu za wateja, na bando ninalojiunga asubuhi halifiki saa nane mchana. Programu ya kuzuia virusi inasema kompyuta ni salama. Je, ni virusi? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, huenda si virusi kwa maana ya kawaida, na ndiyo maana kinga yako imenyamaza: kilichoingia kilipewa ruhusa na wewe mwenyewe, ingawa ruhusa hiyo ilichukuliwa kwa hila. Msambazaji wa programu ya bure anaweza kulipwa kwa kila kompyuta ambayo kisakinishi chake, yaani faili la kuingizia programu, kimeiongezea programu ya mtu mwingine, kwa hiyo kisanduku cha kukubali huwekwa tiki mapema, na mwenye foleni ya wateja mlangoni hubofya "Next" mara tano bila kusoma. Mimi nauita ulaghai, hata kama masharti yameandikwa mahali fulani kwa herufi ndogo.

Wala usijilaumu, kwa sababu hata majina makubwa yamefanya hivyo. Kisakinishi cha Java cha kampuni ya Oracle kilikuja kwa miaka mingi na upauzana (toolbar) wa Ask, mtambo wa kutafuta mtandaoni. SourceForge, tovuti iliyoheshimiwa na watengenezaji wa programu huria, ilianzisha mwaka 2013 mpango wa kufungasha programu za ziada. Watengenezaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, wakaihama mwaka huohuo, na mwaka 2015 wakalalamika hadharani kwamba GIMP iliyobaki pale ilikuwa ikisambazwa pamoja na matangazo. Wamiliki wapya waliufuta mpango huo mwaka 2016.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni wateja wako. Kiendelezi (extension), yaani programu ndogo ya nyongeza, kilichojipachika kwenye kivinjari mara nyingi kina ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofunguliwa, pamoja na namba ya NIDA na nywila anayoandika mwanafunzi akiwa amekaa pembeni yako. Nakuomba usijaze fomu ya mtu yeyote kwenye kompyuta hiyo mpaka uisafishe, na ukishaisafisha ubadilishe nywila zako mwenyewe.

Fungua orodha ya programu katika mipangilio ya Windows, uipange kwa tarehe, kisha uondoe kila kilichoingia siku ile ambacho hukukihitaji. Ingia kwenye kivinjari, futa viendelezi usivyovitambua, na urejeshe ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafuta. Baada ya hapo pitisha AdwCleaner, programu ya bure ya kampuni ya Malwarebytes, uipakue kwenye tovuti ya kampuni hiyo yenyewe. Katika Windows 10 ya tangu mwaka 2020 na katika Windows 11, sehemu ya usalama ina swichi ya kuzuia programu zisizotakiwa, hakikisha imewashwa.

Siku nyingine, usifuate tokeo la kwanza, kwani mara nyingi ni tangazo lililolipiwa. VLC, programu ya bure ya kuonyeshea video, kwa mfano, hupatikana videolan.org, kwa watengenezaji wake. Kisakinishi kikikupa nafasi ya kuchagua "Custom", ichague, kisha usome kila ukurasa na uondoe tiki usizoziweka wewe. Ukikipata kisakinishi safi, kihifadhi kwenye flashi yako ili usile bando mara mbili. Fundi akikushauri kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, mwombe kwanza ajaribu hatua hizi, na umuulize programu zilizo kwenye flashi yake alizipakua wapi.