Mnyororo wa matokeo: anza na mwisho, visanduku baadaye

Ukiingia kwenye warsha ya kamati ya amani kufundisha mnyororo wa matokeo, yaani jinsi hatua moja inavyozaa nyingine hadi mwisho unaotakiwa, na kuanza kuchora visanduku ukutani (rasilimali, shughuli, mazao, matokeo, athari), kabla ya chai ya saa nne utabaki unaongea na watu wawili: ofisa wa mradi na kijana aliyemaliza chuo juzi. Wazee watakuwa wanakutazama kwa adabu tu. Mimi visanduku huvitoa mwishoni, na mara nyingine sivitoi kabisa.

Naanza na hadithi ya Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mapema miaka ya 1990 koo zilikuwa zikiuana huko, hadi sokoni mama wa ukoo mmoja hawezi kuuziana na wa ukoo mwingine. Kundi la akina mama, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, likakubaliana soko liwe la wote na likaweka watu wa kuliangalia. Baadaye wazee wa koo ndogo, zisizoshukiwa kuwa na upande, wakawakutanisha wazee wa koo kubwa. Mwaka 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah, yaani mapatano ya amani ya wazee hao, na 1995 ikaundwa kamati ya amani na maendeleo iliyofanya kazi pamoja na serikali ya wilaya. Kila hatua naiandika kwenye kadi yake, nazichanganya, nazimwaga sakafuni: haya, zipangeni.

Ubishi huanzia kwenye kadi ya Azimio. Wengi huiweka mwisho kabisa: wazee walikubaliana, amani ikaja. Basi nauliza: kesho yake asubuhi, nani alifanya jambo ambalo jana asingelifanya? Ningepewa nusu saa tu ya kufundisha, ningefundisha swali hilo.

Ndipo tunaingia kwenye mgogoro wao wenyewe. Tuseme ni Tana Delta, pwani ya Kenya, wanakoishi Waorma wafugaji na Wapokomo wakulima, na ambako Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa kwa siku moja kijijini Riketa. Ukiuliza mwisho wanaoutaka, utaandikiwa "amani ya kudumu baina ya Waorma na Wapokomo". Usiikubali hiyo kadi. Sukuma mpaka upate kitu cha kuonekana kwa macho: wakati wa kiangazi ng'ombe wanapita kwenye malka (njia za mifugo) zilizokubaliwa kwenda mtoni, na hakuna shamba lililolimwa juu ya malka. Kuanzia hapo rudini nyuma, kadi moja moja. Ili hili litokee, nani abadilike kwanza? Na kati ya kila kadi mbili iwekwe kadi ya rangi nyingine inayoanza na "kwa sababu".

Halafu itakuja mechi ya amani. Kenya hii hakuna mradi wa amani usio na mpira na jezi. Usiicheke kadi hiyo, wala usiiondoe. Iache sakafuni bila mshale wa kuiunganisha na kadi nyingine mpaka kundi lenyewe lianze kujiuliza kama wanaocheza ndio wanaoamua kushambulia. Mara nyingi jibu ni hapana. Lakini kijana mmoja akisema, "Kwenye mechi tulipeana namba, na ng'ombe wakipotea tunapigiana kabla watu hawajachukua silaha", mpira umepata kazi. Sasa bajeti iwe ya kuutunza mtandao huo wa simu, na kombe linaweza kuwa dogo.

Makundi yachanganye kwenye hadithi ya Wajir, lakini kwenye mgogoro wao kila upande upange mnyororo wake kwanza. Mkiilaza miwili sambamba, mnaona wafugaji wameanzia kwenye maji na wakulima kwenye hati za ardhi, na mjadala wa kweli uko hapo. Asiyesoma achore. Kalamu asishike chifu. Posho ilingane kwa wote, basi.

Ukame na uchaguzi viandikeni pia, kwenye kadi za pembeni, na muulizane mnyororo utakatikia wapi vikija. Mauaji ya 2012 yalitokea huku uchaguzi wa Machi 2013 ukikaribia. Andiko la mradi lisilotaja kalenda ya siasa mimi huliandikia alama ya kuuliza.

Kabla hamjaokota kadi, piga picha ya sakafu nzima. Katibu ataandika ripoti safi, na katika kusafisha atazitupa kadi zote za "kwa sababu". Hizo ndizo utakazozihitaji mwaka ujao, mfadhili akiuliza kwa nini mpira haukuleta maji.