Kabla hujaomba kusomea saikolojia ya elimu England

Kama shahada yako uliipata Tanzania au Kenya na unataka kuwa mwanasaikolojia wa elimu huku England, shughulikia cheti kwanza. Vyuo vinataka shahada ya saikolojia inayotambuliwa na British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, na ya nje chama hicho ndicho kinaipitia. Yangu ya ualimu haikutosha. Nilirudi kusoma uzamili wa kuhamia saikolojia, mwaka mzima.

Mafunzo yenyewe ni uzamivu wa miaka 3. Zipo nafasi zinazogharamiwa na serikali, na maombi yake hupitia Association of Educational Psychologists, chama cha wanasaikolojia wa elimu. Soma mapema masharti ya ukaazi, na lile la kufanya kazi England ukishahitimu.

Ninalotaka hasa kukuambia linahusu uzoefu. Wanataka angalau mwaka mmoja wa kufanya kazi na watoto au vijana. Mimi nilikuwa na minne, msaidizi wa mwalimu, nikadhani nimeshafika. Kwenye usaili nikataja kazi zangu moja baada ya nyingine. Nikakosa.

Mwaka uliofuata nilieleza habari ya mtoto mmoja tu. Alikuwa na miaka 5, kwao wanaongea Kiswahili. Darasani alimaliza miezi miwili bila kutamka neno, na watu walishaanza kusema ana tatizo la lugha. Siku moja nikamkuta uwanjani anapanga vijiwe kando ya ukuta: "Hiki cha mama, hiki cha bibi, hiki changu, usikiguse." Upatanisho wa ngeli umekaa mahali pake! Nikayaandika maneno yale vilevile, na tarehe. Mwanasaikolojia alipokuja, swali lake la kwanza lilikuwa: nyumbani anaongeaje? Nikamfungulia ukurasa. Mtoto anayeanza lugha ya pili anaweza kukaa kimya miezi kadhaa. Tatizo la lugha lingeonekana hata kwenye Kiswahili chake.

Wasaili wakataka kujua nilikosea wapi. Nikawaambia kweli: wiki zile za mwanzo nami niliamini ana tatizo, na nilijizuia kumsemesha Kiswahili nikidhani namharakishia Kiingereza. Hapo ndipo walipouliza maswali mengi kuliko kote, na safari hii nilipata nafasi.

Kwa hiyo anza daftari wiki hii. Jina la mtoto usiliandike kabisa, wala la shule. Andika ulichokiona, ulichodhani, ulichofanya, na siku uliyogundua kwamba ulidhani vibaya.