Je, kufuta kache kila siku kunaongeza kasi ya brauza?

SWALI: Kompyuta yangu imekuwa nzito ninapofungua kurasa za intaneti. Rafiki alinishauri nifute kache ya brauza kila asubuhi. Nimefanya hivyo kwa wiki mbili sasa, lakini sioni nafuu, na naona kurasa zinachelewa kuliko awali. Nakosea wapi?

JIBU: Hatua umezifuata sawasawa, ila dawa hiyo si ya ugonjwa huo.

Kache ni nafasi kwenye diski ambamo brauza huweka nakala za picha, fonti na faili nyingine za tovuti ulizotembelea, ili ukirudi isizivute upya kutoka kwenye seva. Chukua nembo ya tovuti unayoifungua kila siku: hupakuliwa mara moja, kisha siku zinazofuata huchukuliwa humo humo kwenye kompyuta. Ukifuta kila asubuhi, kila kitu kinapakuliwa tena. Ndiyo maana kurasa zinachelewa, na bando nalo linakwisha upesi. Wala usihofu kwamba kache itajaa bila kikomo. Brauza yenyewe huondoa nakala za zamani ikifika kiwango chake.

Kufuta kunafaa pale ukurasa unapoonekana umevurugika, au kitufe kinagoma kubofyeka, ilhali ukiufungua kwenye dirisha la faragha (Incognito au InPrivate), lisilotumia kache hiyo, uko sawa. Hapo mara nyingi mwenye tovuti amebadilisha faili, na brauza yako bado imeshikilia ya zamani. Kwenye Windows, anza na Ctrl+F5, inayopakia upya ukurasa huo peke yake bila kutumia kache. Ikishindikana, bonyeza Ctrl+Shift+Delete, chagua muda wote, kisha acha alama kwenye kisanduku cha picha na faili zilizohifadhiwa tu. Tafadhali soma kila kisanduku kabla ya kubofya! Ukigusa cha vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti hutumia kukukumbuka, utatolewa kwenye akaunti zako nyingi. Ukigusa cha manenosiri, yote yaliyohifadhiwa yatafutika, na nimeshahangaika na wateja kadhaa kuyarejesha.

Kuhusu uzito wa kompyuta yako, ukiwa ndani ya Chrome au Edge bonyeza Shift+Esc. Itatokea orodha ya tabo na viendelezi (programu ndogo zilizoongezwa kwenye brauza), pamoja na kiasi cha kumbukumbu kinachotumiwa na kila kimoja. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu ili wakubwa wapande juu. Funga tabo usizozihitaji, kisha zima viendelezi kimoja kimoja, ukipima kasi kila mara. Niandikie ukishaona kipi kiko juu ya orodha.